Jumba la Kwata la Leith

Mtu akitaka kujua habari za babu yake aliyekwenda vitani, mara nyingi huanza mwisho wa safari, yaani hutafuta kaburi. Huuliza, Alikufa wapi? Amezikwa katika nchi gani? Wala si vibaya kuuliza hivyo. Lakini katika nchi za Uingereza na Uskoti watu wengi wana njia nyingine, nayo ni kuanzia mwanzo wa safari: hutafuta nyumba ile ambayo babu alitoka siku alipoitwa. Nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za nyumba moja ya namna hiyo, iliyoko Leith, bandari ya mji wa Edinburgh katika Uskoti. Twaichagua hiyo miongoni mwa nyingi kwa kuwa maandiko ya watu wake yaliungua mara mbili, na nyumba ikabaki.

Neno kwata halihitaji kufasiriwa kwa watu wetu. Tangu siku za askari wa K.A.R. watoto vijijini wameiga kwata, fimbo begani, mmoja wao akipaza sauti kama sajini. Lakini jumba la kwata ni jambo geni kwetu, maana askari wetu walifanya kwata uwanjani, juani. Huko Uskoti uwanja hautoshi. Mvua ni nyingi, na katika majira ya baridi jua hutua kabla ya saa 10 alasiri. Tena watu wenyewe hawakuwa askari wa mshahara wakaao kambini siku zote. Walikuwa watu wa kujitolea: makarani, mafundi wa mapipa, wachukuzi wa bandarini, wauza duka. Mchana walishika kazi zao, na jioni wakakusanyika kujifunza bunduki na kwenda kwa hatua moja.

Jambo hili lilianza kuwa kubwa mwaka wa 1859, watu walipoogopa kwamba Wafaransa wangevuka bahari na kuwapiga. Vikosi vya watu wa kujitolea vikaundwa kila mahali, na Leith nayo ikaunda chake mwaka huo huo. Kwanza walitumia mahali popote palipopatikana, ghala la mtu au uwanja wa shule. Baadaye wakachanga fedha, wakafanya mauzo ya vitu na matamasha, wakajijengea majumba. Ukiliona moja huwezi kukosa kuyatambua mengine. Mbele pana mlango mpana wa mawe au matofali, mara nyingi juu yake pamechongwa nembo ya kikosi. Ndani mna ukumbi mkubwa usio na nguzo katikati, paa likishikwa na vyuma vilivyopindwa kama upinde, ili safu za watu zigeuke kushoto na kulia bila kizuizi. Kandokando mna chumba cha bunduki chenye kufuli, vyumba vya maafisa, mahali pembamba pa kupigia shabaha, na makao ya sajini mlinzi. Watu wa mtaa nao walipata faida, maana ukumbi ulikodishwa kwa ngoma, kwa mikutano ya uchaguzi, na hata kwa karamu za watoto wa shule ya Jumapili.

Mwaka wa 1907 Serikali ilitunga sheria mpya kwa shauri la Haldane, aliyekuwa Waziri wa Vita, na tangu tarehe 1 Aprili 1908 vikosi hivi vyote vikapangwa upya vikawa jeshi moja la kulinda nchi. Mtu aliahidi kutumika miaka minne. Kila mwaka alikwenda kambini yapata siku 15, na jioni zilizobaki alihesabiwa kwata zake jumbani. Hakulazimishwa kwenda ng'ambo. Ahadi yake ilikuwa kulinda nchi yake tu, isipokuwa akitia sahihi nyingine kwa hiari.

Yafaa tukae kidogo juu ya neno hili, kwa maana ndani yake mna sababu ya mengi yaliyofuata. Jumba la kwata lilikuwa la mtaa. Mtu alijiunga pale kwa sababu ndugu yake alikuwa pale, au msimamizi wake wa kazi, au mwenzake waliyesoma naye. Kwa hiyo kombania moja ya askari ilikuwa kama mtaa mmoja uliovaa nguo za kaki. Katika amani hili lilikuwa jambo jema sana. Katika vita lina hatari yake: kombania ikiangamia, mtaa mzima huingia msibani siku moja.

Basi mtu wa leo amtafutaye babu yake hufanyaje? Kwanza asidhani kwamba jina la rejimenti litamtosha. Rejimenti ya Royal Scots ndiyo iliyokuwa rejimenti ya askari wa miguu ya zamani kuliko zote katika jeshi la Uingereza. Iliundwa mwaka wa 1633. Vita vilipoanza mwaka wa 1914 ilikuwa na batalioni saba za watu wa kujitolea, tangu ya 4 hata ya 10, na kila moja ilikuwa na mahali pake. Ya 4 na ya 5 zilikuwa Forrest Road, Edinburgh. Ya 6, Gilmore Place katika mji huo huo. Ya 7, Dalmeny Street, Leith. Ya 8, mji wa Haddington. Ya 9, East Claremont Street, Edinburgh. Na ya 10, iliyokuwa ya wapanda baisikeli, mji wa Linlithgow. Mtu akisema, “Babu yangu alikuwa Royal Scots,” hajapata mlango bado. Ni kama mtu wa mbali asemaye kwamba babu yake alitoka Unyamwezi, kisha ataka aonyeshwe shamba lake.

Baada ya jina la rejimenti hutazamwa namba ya askari. Lakini hata hiyo ina mtego. Mpaka mwanzo wa mwaka 1917 kila batalioni ya kujitolea ilihesabu watu wake yenyewe tangu moja, hata ikawa watu wawili au watatu wa rejimenti moja wana namba moja. Ndipo mwaka wa 1917 wote wakapewa namba mpya za tarakimu sita, na kila batalioni ikapewa fungu lake. Aliyeishi hata mwaka huo, namba yake mpya yatosha kuonyesha alikuwa batalioni gani. Aliyekufa kabla yake ana namba fupi tu, isiyosema kitu mpaka uikute pamoja na karatasi nyingine.

Na karatasi ndizo shida. Maandiko ya askari wa kawaida wa vita vya 1914–1918 yaliwekwa pamoja katika ghala moja la Serikali huko London. Mwezi wa Septemba 1940 ndege za Wajerumani zilitupa mabomu juu ya mji, ghala likashika moto, na zaidi ya nusu ya maandiko yakawa majivu. Yaliyookolewa mengi yameungua pembezoni na kulowa maji ya wazima moto. Wenyeji wa kazi hii huyaita karatasi zilizoungua. Mjukuu huandika jina la babu, akingoja kuona sahihi yake, umri wake, rangi ya macho yake, na jina la jumba alilojiandikishia. Na mara nyingi haoni kitu.

Hapo ndipo hugeukia mashahidi wadogo. Iko kadi ya medali, ambayo huonyesha jina na namba. Viko vitabu vya askari waliokufa, vilivyochapishwa na Serikali mwaka wa 1921, ambavyo huonyesha batalioni na mara nyingi mahali mtu alipojiandikishia. Ziko orodha za wakaaji wa mji, zilizochapishwa kila mwaka kwa faida ya wafanya biashara, ambamo majumba ya kwata yameandikwa pamoja na mtaa wake. Na ziko ramani kubwa za Serikali za siku zile, zilizochorwa kwa uangalifu hata kila nyumba kubwa ina umbo lake na jina lake. Mwenye subira huweka ramani ya zamani kando ya ramani ya leo, akafuata mtaa kwa kidole. Mara nyingi hukuta jumba limebomolewa na mahali pake pamejengwa maduka au nyumba za kupanga. Mara nyingine limekuwa kanisa, au karakana ya magari, au limegawanywa vyumba vya kukaa watu.

Tena pana mitego iliyowekwa na wakati wenyewe. Mwaka wa 1921 batalioni ya 7 na ya 9 za Royal Scots ziliunganishwa zikawa moja, na mtu asomaye habari za baadaye aweza kupelekwa East Claremont Street, hali babu yake hakukanyaga hapo. Mwaka wa 1920 Leith yenyewe, iliyokuwa mji wenye baraza lake na watu wapatao 80,000, iliunganishwa na Edinburgh, ingawa wakaaji wake wengi walikataa. Hivyo vitabu vya kabla ya mwaka huo vyasema Leith, na vya baada yake vyasema Edinburgh. Na mwaka wa 2006 rejimenti ya Royal Scots iliunganishwa na nyingine za Uskoti, likawa ni jina la batalioni ndani ya rejimenti mpya. Nyumba yake ya kumbukumbu iko ndani ya ngome ya Edinburgh, juu ya mwamba.

Sasa na tuje Dalmeny Street. Mtaa huu hutoka katika njia kuu iitwayo Leith Walk, ile ishukayo tangu Edinburgh hata bandarini. Jumba lilijengwa mwanzo wa karne ya 20. Mwezi wa Agosti 1914 batalioni ya 7 iliitwa, watu wakaja na mabegi yao, wakapelekwa kulinda pwani ya ghuba ya Forth. Wengi wao walikuwa wa Leith, na wengine wa miji ya jirani kama Musselburgh na Portobello. Mwezi wa Aprili 1915 walihamishiwa karibu na mji wa Larbert, wakaungana na divisheni ya 52. Habari ikaja kwamba watapelekwa Gallipoli kupigana na Waturuki. Walikuwa wamekwisha kutia ile sahihi ya pili.

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 1915, nusu ya kwanza ya batalioni, watu wapatao 500, walipanda treni huko Larbert kwenda bandari ya Liverpool. Treni yao ilikuwa ya mabehewa ya zamani, ya mbao, yenye taa za gesi, na mitungi ya gesi imefungwa chini yake. Vita vilikuwa vimechukua magari mengi, na askari walipewa yaliyobaki.

Njiani, karibu na Gretna, mpakani mwa Uskoti na Uingereza, palikuwa na kibanda cha ishara za reli kiitwacho Quintinshill. Huko reli kuu ni mbili, moja ya kwenda kaskazini na moja ya kwenda kusini, na kando yake njia mbili za kupumzishia treni. Asubuhi ile njia zote mbili za kando zilikuwa na treni za mizigo. Treni ndogo ya abiria ilikuja ikienda kaskazini, na nyuma yake ilikuwa ikija treni ya mbio kutoka London, iliyochelewa. Ili kuipisha, treni ndogo ilirudishwa nyuma ikasimamishwa juu ya reli kuu ya kwenda kusini. Jambo hilo liliwahi kufanywa mara nyingine, nalo halikuwa kosa, mradi mlinzi wa ishara akumbuke.

Walinzi walikuwa wawili: George Meakin wa usiku, na James Tinsley wa mchana. Walikuwa na mapatano yao ya siri. Tinsley, badala ya kuja saa 12, alipenda kuja na ile treni ndogo nusu saa baadaye. Meakin akamwandikia mambo ya nusu saa ile katika kipande cha karatasi, na Tinsley akifika huyanakili katika daftari kwa mkono wake, ili wakubwa wasijue. Asubuhi hiyo alifika, akaketi kunakili. Treni aliyoshuka mwenyewe ilikuwa imesimama nje, mbele ya dirisha lake, naye akaisahau. Akaulizwa kwa kengele kama njia ya kusini ni wazi kwa treni ya askari, akajibu kwamba ni wazi.

Saa 1 kasoro dakika 11 asubuhi treni ya askari, ikishuka mteremko kwa kasi, iliipiga treni ndogo. Mabehewa yaliyokuwa na urefu wa mita 195 yalibanwa yakawa mita 61 hivi. Walionusurika walikuwa wakijitoa katika mbao, na kabla haijapita hata dakika mbili ilikuja treni ya London, yenye injini mbili, ikapita katikati yao. Makaa ya moto ya injini yakakutana na gesi. Moto uliwaka mchana ule na usiku wake hata siku ya pili.

Waliokufa ni zaidi ya watu 220, na zaidi ya 200 kati yao walikuwa askari wa batalioni ya 7. Hata leo hakuna msiba wa reli katika nchi ya Uingereza uliopita huo. Hesabu kamili haikupatikana kamwe, maana orodha ya majina ya waliopanda ilikuwa ndani ya treni, ikaungua pamoja nao. Alasiri ile walipoitwa wale walioweza kusimama, waliitika karibu 60 tu. Hao nao walipelekwa Liverpool, kisha askari wa kawaida wakaamriwa kurudi nyumbani. Walipokuwa wakienda stesheni huko Liverpool, nguo zao zikiwa zimechanika na nyuso zao nyeusi kwa moshi, watoto wa mjini waliwadhania mateka wa Kijerumani, wakawarushia vitu.

Habari ilipofika Leith, watu walikwenda wapi? Hawakwenda stesheni wala ofisi ya simu. Walikwenda Dalmeny Street. Wake, mama, na watoto walijaa mtaani mbele ya jumba la kwata, wakingoja majina. Hapo ndipo mume alipoandikwa, basi hapo ndipo atakapojulikana. Na majina yalikuja polepole sana, mmoja mmoja, kwa sababu ile tuliyoitaja: palikuwa na watu waliojua nani aliondoka Leith, lakini hapakuwa na karatasi iliyojua nani alipanda behewa lipi.

Siku ya Jumapili miili ikaletwa. Ikawekwa ndani ya jumba lile lile, juu ya sakafu ambayo watu hao walijifunza kusimama safu. Wapatao 80 tu walitambulika. Wengine kama hao walipatikana lakini hawakutambulika. Na karibu 50 hawakuonekana kabisa. Sisi twadhani hapa ndipo jumba la Leith linapotofautiana na majumba mengine yote ya kwata. Majumba mengine yaliwatoa watu, wakafa Ufaransa au Ubelgiji au Palestina, wakazikwa huko. Jumba likabaki tupu likingoja barua. Hili liliwatoa na kuwapokea.

Jumatatu, tarehe 24 Mei, walizikwa katika makaburi ya Rosebank. Maduka yalifungwa, mapazia ya madirisha yakashushwa, magari yakasimamishwa, na askari zaidi ya 3,000 wakapangwa kandokando ya njia. Majeneza yakawekwa katika shimo moja refu, matatu matatu, moja juu ya jingine. Mazishi yalichukua saa nyingi. Mwaka uliofuata Lord Rosebery alifunua pale msalaba mrefu wa mawe, pamoja na mabamba yenye majina.

Meakin na Tinsley walihukumiwa huko Edinburgh mwezi wa Septemba 1915. Tinsley akafungwa miaka mitatu na Meakin mwaka mmoja na nusu, nao wakafunguliwa mwisho wa mwaka 1916. Kosa lao lilikuwa kubwa, na hakuna awezaye kulifunika. Ila sisi twaona kwamba si wao waliochagua mabehewa ya mbao na gesi. Tena siku zile palikuwapo tayari chombo cha umeme kinachomzuia mlinzi asifungue njia iliyo na treni juu yake, Quintinshill hakikuwekwa.

Kwa mjukuu anayetafuta, msiba huu una ajabu yake. Medali za vita zilitolewa kwa wale walioingia katika nchi za vita. Hawa wa Quintinshill walikuwa wametia sahihi kwenda ng'ambo, wakavaa, wakapanda, lakini walikufa kabla ya kuvuka bahari. Kwa hiyo atafutaye kadi ya medali ya babu yake hataiona, naye aweza kudhani kwamba babu hakuwa askari kamwe, au kwamba habari za bibi zilikuwa hadithi tu. Karatasi zake za kujiandikisha huenda ziliungua mwaka wa 1940, kama orodha ya safari ilivyoungua mwaka wa 1915. Iliyobaki ni bamba la Rosebank, na kitabu cha waliokufa kisemacho “nyumbani” mahali ambapo wengine wameandikiwa Ufaransa au Gallipoli.

Wala msiba wa Leith haukuisha pale. Nusu ya pili ya batalioni ilisafiri kwa treni nyingine, ikafika salama, ikapanda meli iitwayo Empress of Britain, pamoja na maafisa wachache waliotoka motoni. Walifika Gallipoli mwezi wa Juni. Tarehe 28 Juni walipelekwa kushambulia mahandaki ya Waturuki karibu na bonde liitwalo Gully Ravine, wakayachukua, lakini wengi sana wakaanguka. Toka Quintinshill hata siku ile ni siku 37. Mtu akizisoma siku hizo kwa habari za vita ataona mambo mawili yaliyo mbali, moja la reli na moja la bahari ya Uturuki. Akizisoma kutoka mlangoni pa Dalmeny Street ataona jambo moja: nyumba moja imepoteza nusu hii, kisha nyumba ile ile imepunguziwa nusu ile. Waliobaki, pamoja na wapya walioletwa, walikwenda Misri, Palestina, na mwisho Ufaransa.

Huenda msomaji akauliza, Kwa nini watu wajisumbue kwa jengo? Sisi twamwomba atazame kwetu. Dar es Salaam pana Kariakoo, na Nairobi pana Kariokor. Majina yote mawili yametoka katika jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi wa vita vile vile vya 1914–1918. Makumi elfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa, na wengi hawakuandikwa jina popote, kaburini wala kitabuni. Watu huuza ndizi na vitambaa Kariakoo kila siku bila kuwakumbuka, na hata hivyo jina linashuhudia kwamba walikuwapo mahali hapo.

Jumba la Leith halikubomolewa. Jeshi lilipoacha kulitumia, lilichukuliwa mwanzo wa karne hii ya 21 na chama cha kusaidia kazi za sanaa, kiitwacho Out of the Blue. Vyumba vya pembeni sasa ni vya wachoraji na mafundi, pana mkahawa, na katika ukumbi mkubwa hufanywa minada ya vitu vya zamani, maonyesho, na michezo ya watoto. Jina la jumba la kwata limebaki, watu husema tu wanakwenda “jumba la kwata” kunywa kahawa. Wengine hawapendi mabadiliko hayo. Wangetaka pawe mahali pa kimya. Sisi hatuoni hivyo. Ukumbi ule ulijengwa ili watu wa mtaa wakutane jioni baada ya kazi, na hata siku za jeshi ulikuwa na ngoma na vicheko. Ungefungwa kwa heshima ungeoza kwa heshima, kama yalivyooza mengi.

Atakaye kufuata njia ya mazishi aweza kuifuata kwa miguu. Atoke mlangoni Dalmeny Street, aende hata Leith Walk, avuke, akafuate Pilrig Street mpaka mwisho, na hapo ataona ukuta wa makaburi ya Rosebank. Si mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa mtu mzima. Ukiingia, msalaba waonekana, na mabamba ya majina yapo pale pale. Mjukuu akifika huanza juu kabisa, akashuka kwa kidole hata aone jina analolitafuta.